Dawa ya Kusafisha Injini: Yafaa Lini?

Wengi wetu twazifahamu dawa zinazouzwa madukani katika vichupa, ambazo yasemekana zikimiminwa katika tangi la petroli huondoa uchafu wa injini na kulirudishia gari kuukuu nguvu zake. Je, ni kweli? Nataka kueleza kwa kifupi niliyojifunza katika kemia na kwa mafundi.

Petroli haiungui yote ikaisha. Sehemu ndogo hubaki kama utomvu na masizi, ikagandamana katika vali, juu ya pistoni na katika matundu membamba yanayonyunyizia petroli. Matundu hayo yakizibika, injini hutetemeka gari lisimamapo, hula mafuta mengi na huchoka mlimani. Gari la safari fupi fupi hupatwa zaidi, kwa kuwa injini yake haipati moto wa kutosha.

Dawa iliyo bora ina kemikali iitwayo polieteramini. Hiyo hufanya kazi kama sabuni: upande mmoja hushika uchafu, wa pili huyeyuka katika petroli, na uchafu hung'oka kidogo kidogo ukaungua. Huko Marekani, tangu mwaka 1995 sheria yataka petroli ya magari itiwe dawa ya kuzuia uchafu huo.

Lakini si kila ugonjwa ni uchafu. Mjomba wangu wa Kisarawe ana pikapu ya zamani ya kuchukulia mihogo mpaka Dar es Salaam, na madaftari na sare za binamu zangu hutoka humo. Mwaka jana ilianza kushindwa vilima vya Pugu. Muuza duka mmoja akamshauri anunue vichupa vitatu. Fundi akasema, "Mzee, tupime kwanza." Akapima mgandamizo wa silinda zote, moja ilikuwa chini. Akatia oili kidogo katika tundu la plagi, kipimo kikapanda. Hiyo ni dalili ya ringi za pistoni zilizolika, maana oili huziba nafasi kwa muda. Dawa isingefaa kitu. Fedha zikaenda kununua ringi.

Tena yapo mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, katika injini zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, dawa ya tangi haizifikii vali za kuingizia hewa. Pili, dawa ya kusafisha upande wa oili yaweza kuiponza injini kuukuu: tope likibanduka kwa wingi huziba chujio la pampu, injini ikakosa oili. Tatu, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta masizi. EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili wachakachuaji watambulike.

Basi, wazazi na wanafunzi wenzangu, dawa hutolewa baada ya ugonjwa kujulikana. Ikiwa ni uchafu, tieni kwa kipimo kilichoandikwa, wala msizidishe. Gari lisipobadilika, msinunue chupa ya pili. Lipelekeni kwa fundi.