Uzuri ni wa Nani? Mwili, Vazi na Heshima ya Mwanamke wa Kimaya

Utangulizi

Kipendacho moyo ni dawa, walinena wahenga. Methali hii hutajwa aghalabu pale mtu anapopenda kile ambacho wenzake hawaoni thamani yake. Hata hivyo, moyo haupendi katika ombwe. Jamii ndiyo huufunza moyo kipi ni cha kupendwa na kipi ni cha kuchekwa. Kiswahili chenyewe kinadokeza ugumu wa suala hili kwa kutofautisha uzuri, urembo, ulimbwende na haiba. Uzuri waweza kuwa wa sura au wa tendo, ilhali urembo hurejelea hasa kile ambacho binadamu hujiongezea. Makala haya yanadhamiria kuonyesha, kwa kurejelea wanawake wa Kimaya wa Amerika ya Kati, kwamba dhana ya uzuri hufungamana na imani, kazi na mamlaka. Wamaya wanaishi hadi leo, hasa nchini Guatemala na kusini mwa Meksiko, na wanazungumza lugha zipatazo 30. Kuwazungumzia kana kwamba walitoweka pamoja na mapiramidi yao ni kosa.

Mwili kama kielelezo cha imani

Katika kipindi kinachoitwa na wanaakiolojia Kipindi cha Kale, takriban mwaka 250 hadi 900, Wamaya wengi waliyaunda upya maumbo ya vichwa vya watoto wao. Kichwa cha mtoto mchanga, ambaye mifupa yake ilikuwa bado laini, kilifungwa kwa mbao au vitambaa hadi kikarefuka kuelekea nyuma. Jambo hili halikuwa la watawala pekee, kwani mafuvu ya aina hiyo yamepatikana katika makaburi ya watu wa kawaida, wanawake kwa wanaume.

Kwa nini kichwa kirefu kilipendeza? Jibu mojawapo linalotolewa na wataalamu ni mahindi. Mungu wa Mahindi alichorwa akiwa na kichwa kirefu mfano wa gunzi, na nywele zake zikining'inia kama ndevu za hindi bichi. Katika Popol Vuh, kitabu cha simulizi takatifu za Wak'iche', binadamu aliumbwa kwa unga wa mahindi. Basi kufanana na hindi kulikuwa kufanana na asili ya uhai.

Diego de Landa, padri wa Kihispania aliyeandika kuhusu Yucatán mnamo mwaka 1566, anaeleza kuwa makengeza yalihesabiwa kuwa uzuri, na kwamba akina mama waliwaning'inizia watoto kitu kidogo katikati ya macho ili wayapate. Anaeleza pia kuwa wanawake walichongwa meno na vikongwe waliotumia mawe na maji, na kwamba walichanja chale sehemu ya juu ya mwili. Ikumbukwe kuwa Landa huyu ndiye aliyeamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto mwaka 1562. Kwa hiyo, ushahidi wake una thamani, lakini ni ushahidi wa mtu aliyetazama kwa jicho la mgeni na la hakimu. Wala haifai nasi tuusifu utamaduni huu bila kuupima, kwani mtoto aliyefungwa kichwa hakuulizwa ridhaa yake.

Vazi linalosema

Desturi za kuunda kichwa zilififia baada ya uvamizi wa Wahispania, lakini ufumaji ulidumu. Katika vizingiti vya mawe vya Yaxchilán, vilivyochongwa katika karne ya 8, Bibi K'abal Xook anaonekana amevaa vazi lenye mapambo ya kufumwa yaliyochongwa kwa ustadi wa kushangaza. Wanawake wa Kimaya wangali wanafuma nguo zenye mapambo ya namna hiyo.

Vazi lao mashuhuri huitwa huipil, yaani blauzi pana iliyoshonwa kutokana na vipande viwili au vitatu vya kitambaa. Hufumwa kwa mtambo sahili: ncha moja ya mtande hufungwa mtini au nguzoni, na nyingine hushikizwa kwa mshipi unaozunguka kiuno cha mfumaji. Mwanamke akiegemea nyuma nyuzi hukazika, na akiinama mbele hulegea. Mwili wake ni sehemu ya mtambo. Binti hujifunza kwa mamake, na rangi na michoro anayofuma huweza kumtambulisha yeye na kijiji chake. Msomaji anayejua jinsi leso inavyobeba ujumbe hatashangaa kusikia kwamba nguo husomwa.

Lakini kinachosomwa na rafiki husomwa na adui pia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Guatemala (1960-1996), watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kutoweka. Tume ya ukweli iliripoti mwaka 1999 kwamba asilimia 83 ya wahasiriwa waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Wapo wanawake walioacha kuvaa huipil za vijiji vyao kwa kuhofia kutambuliwa. Kwa hivyo Rigoberta Menchú, Mk'iche' aliyetunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1992, alipojitokeza mbele ya ulimwengu akiwa amevaa huipil, vazi hilo lilikuwa kauli.

Taji na sauti

Katika mji wa Cobán hufanyika shindano liitwalo Rabin Ajaw, yaani binti wa mfalme. Washiriki hawapimwi kwa wembamba wa kiuno. Huvaa mavazi ya jamii zao na kuhutubu kwa lugha zao za Kimaya na kwa Kihispania. Wahakiki wameshutumu shindano hili kwa kuwafanya Wamaya pambo la taifa, ilhali taifa hilohilo linawabagua. Shutuma hiyo ina uzito. Hata hivyo, baada ya wanajeshi kuwaua Waq'eqchi' kadhaa huko Panzós tarehe 29 Mei 1978, baadhi ya malkia wa Kimaya walijitokeza hadharani mwaka huohuo kulaani mauaji hayo. Aliyetarajiwa kutazamwa tu, alisema.

Hitimisho

Tumeona kuwa uzuri waweza kuwa hindi, jicho, uzi au neno. Mwaka 2016 wafumaji wa Guatemala walifika mbele ya Mahakama ya Katiba wakidai sheria ya kulinda michoro yao dhidi ya wanaoinakili kwa faida. Dai lao linatuelekeza kwenye kiini cha mada hii: si haki kuusifu uzuri wa vazi huku aliyelifuma akidharauliwa. Sisi wanafunzi wa lugha tunapokutana na neno "uzuri" katika matini yoyote, yatupasa kuuliza ni nani anayetazama, ni nani anayetazamwa, na ni nani aliyepewa nafasi ya kusema.