Babu Huyu ni Nani? Kutafuta Nasaba Katika Picha na Hati za Kilwa na Lindi

Katika nyumba moja ya Kilwa Kivinje tuliyoizuru, ukutani imetundikwa picha ya mzee aliyevaa kanzu, joho na kilemba. Ameketi, mkono juu ya bakora, na kando yake amesimama mtoto wa kiume. Tulipouliza mzee huyo ni nani, bibi mwenye nyumba alitabasamu kwa haya. "Ni mzee wetu," alisema. "Marehemu mama alikuwa akimtaja jina, nami nilikuwa mtoto, sikuliweka moyoni."

Wengi wetu tungejibu hivyo hivyo. Picha tunazo, majina tumeyazika pamoja na waliokuwa wakiyajua.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Surat al-Hujurat inatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye bora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi. Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwahimiza waumini wajifunze nasaba zao kwa kadiri ya kuwawezesha kuunga udugu. Bila nasaba, mirathi huenda kwa asiyestahiki, mahramu hawatambulikani, na ndugu wa damu hupishana sokoni bila hata kusalimiana.

Mtu wa mwambao huu anaweza kudhani kwamba historia yake imekwisha kuandikwa. Ni kweli kwamba Kilwa Kisiwani ina tarikh yake. Mreno João de Barros aliinukuu habari yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa London. Lakini tarikh hiyo ni ya masultani. Mvuvi, mjenzi wa msikiti, mwanamke aliyesuka mikeka, hao hawamo. Anayetaka kumjua babu yake hana budi kutafuta kwingine.

Tuchukue mfano wa Tendaguru, kilima kilichoko bara ya Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa wa zama za kale. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa huku kwetu, na mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Mifupa iliyosafirishwa kwenda Berlin ilipindukia tani 200, na mpaka leo imo katika jumba la makumbusho la mji huo. Zimo na picha za wachimbaji na wapagazi. Jina la msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, limesalia, na mwaka 2007 mnyama mmoja wa kale alipewa jina la kitaalamu linalomkumbuka. Lakini walio wengi katika picha zile hawana jina. Kila mfupa uliandikiwa namba, aliyeubeba hakuandikwa. Huenda mjukuu wake yuko Lindi au Mingoyo na anasoma gazeti hili.

Ipo sababu nyingine inayotufanya tusiulize, nayo ni hofu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa lango kubwa la misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Wajerumani hawakuufuta, walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu mmoja mmoja, na utumwa ukaja kufutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo familia nyingi za mwambao huu zina babu aliyeuzwa, au babu aliyeuza, na zipo zenye wote wawili. Wapo wanaolificha hilo kwa kujiunga na ukoo wa mbali wasioujua, ilhali Mtume (rehema na amani zimshukie) alionya vikali dhidi ya mtu kujinasibisha kwa asiyekuwa baba yake. Sayyidna Bilal alikuwa mtumwa, naye ndiye mwadhini wa Mtume. Aliyeuzwa alidhulumiwa, na aliyedhulumiwa hana aibu. Kumtaja kwa jina lake ni sehemu ya kumrudishia heshima aliyonyang'anywa.

Kazi hii ianzie nyumbani, kabla ya ofisi yoyote. Kaa na wazee, mmoja mmoja, uwaulize kwa adabu. Usiwaulize mwaka wa kuzaliwa. Uliza kama fulani alizaliwa kabla ya Maji Maji ya 1905 au baada yake, kama alikuwa kijana wakati wa vita vya Mjerumani vya 1914 hadi 1918. Jihadhari na majina yanayorudiwa, kwa kuwa desturi yetu ni kumpa mtoto jina la babu yake, na Saidi bin Ali anaweza kuwa mtu wa kizazi kimoja au cha tatu. Uliza pia upande wa kina mama, kwani majina ya wanawake ndiyo yanayopotea mapema.

Kisha fungua sanduku. Hati za ndoa, talaka, wasia na mauzo ya mashamba ya minazi hutaja baba, babu na mashahidi. Nyingi ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ndiyo maana watu huzidhania kuwa ni dua, wakaziacha zikaliwa na mchwa. Na tarehe ikiwa ya Hijria, usiibadili kwa kukisia: mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11, na mwaka 1323, kwa mfano, ulianza Machi 1905.

Baada ya hapo nenda kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yaliko majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza, na zile za Zanzibar. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt nayo imeweka katika intaneti maelfu mengi ya picha za wakati wa Mjerumani. Ila kumbuka kwamba aliyeandika maelezo yake alikuwa mtawala. Mara nyingi ataandika "mpagazi" au "askari" na kuishia hapo.

Turudi Kivinje. Tuliomba picha ile iteremshwe. Nyuma yake palikuwa na mstari mmoja wa wino uliofifia. Mjukuu wa bibi, mwanafunzi wa madrasa, alianza kuusoma akitafuta maana ya Kiarabu, asiipate. Bibi ndiye aliyesikia. "Soma tena," alisema. Herufi zilikuwa za Kiarabu, maneno yalikuwa ya Kiswahili: ndugu yangu, kisha jina, kisha Lindi, na mwaka 1345, yaani ule ulioanza Julai 1926.

Bibi hakujua kwamba ana jamaa Lindi. Alilirudia jina lile mara tatu, akamrehemu mwenye nalo, kisha akamtuma kijana alete karatasi na penseli. Wiki ile ile alipeleka salamu kwa imamu mmoja wa Lindi ili aulizie. Tulipokuwa tukiandika haya majibu yalikuwa hayajafika.

Wasomaji wetu, leo jioni teremsheni picha moja. Mwiteni mzee aliyebaki, andikeni nyuma yake kwa penseli: nani, mwana wa nani, wapi, lini. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuunganishe na jamaa zetu waliotupotea. Amin.