Makufuli mawili mlangoni, mwizi kapitia darini

Leo tuongelee kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukiwaza mpaka kikanila hela: vile vimlango vidogo. Mfuniko wa darini, kale kamlango kanakoficha nyaya za umeme, kifuniko cha koki ya maji ukutani. Kama fremu yako iko stendi au kituoni, hii ni ya kwako.

Duka langu la kwanza liko hapa Misima. Baadaye nikapata tamaa ya kusogea kwenye watu wengi, nikapanga fremu pembeni ya stendi moja, jina sitaji. Fremu nane zimepangana mstari, paa moja, dari moja. Niliuza maji, soda, biskuti, chaja, hedifoni, na uwakala wa hela za simu. Mlango wa mbele nilijipanga kweli. Chuma kizito, makufuli mawili, moja nimelijengea kisanduku ili shingo yake isionekane. Kila usiku nafunga, navuta mara mbili, naondoka na amani yangu.

Asubuhi moja nimefika, makufuli yapo vilevile. Nikafungua la kwanza, nikafungua la pili, kwa funguo zangu mwenyewe. Ndani shelfu nyeupe. Simu mbili za uwakala hazipo, chaja zote hazipo, hata katoni za biskuti kachagua zile za bei. Sakafuni kuna vumbi la silingi bodi na skrubu nne zimewekwa pamoja pembeni, kama fundi aliyemaliza kazi yake vizuri. Nikatazama juu. Mfuniko wa darini uko wazi.

Fremu ya jirani ilikuwa tupu muda mrefu, mlango wake umefungwa kwa waya tu. Jamaa kaingia humo, kapanda darini, kapita juu ya ukuta unaotutenganisha, kwa sababu ule ukuta uliishia kwenye dari, haukufika kwenye bati. Akashukia kwangu. Ukichanganya mzigo na simu ilikuwa karibu laki tisa, na hapo sijahesabu siku nne za kwenda polisi kuchukua RB na kuhangaikia laini za uwakala zirudi. Wateja wa kutuma na kutoa hela hawakungojei siku nne.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mlango wa mbele nilitumia hela nyingi, halafu mfuniko wa darini ulikuwa kipande cha ubao laini kwenye fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa. Bisibisi yenyewe sidhani kama aliihitaji sana.

Stendi siyo mtaani. Mtaani mtu akigonga chuma saa nane usiku, mbwa wanabweka, jirani anachungulia. Stendi nani atasikia? Tangu mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kutembea usiku, zile stendi za barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hazilali. Gari linaunguruma, konda anaita, lori linapiga breki za upepo. Halafu kuna jambo la sura ngeni. Mtaani mtu mgeni mwenye ngazi ataulizwa. Stendi mtu akivaa ovaroli na kubeba ngazi, watu wanampisha, wanajua ni fundi. Na tatu, zile nyaya na mabomba ni ya wote, kwa hiyo hakuna anayeona ni jukumu lake. Mwenye fremu anasema ni la mpangaji, mpangaji anasema ni la mwenye fremu, skrubu inapotea, mfuniko unafungwa kwa kamba ya katani.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo tunapopigwa.

Fundi akaniambia atanitengenezea mfuniko wa geji 16. Kwanza uelewe geji: namba inakwenda kinyume. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 16 ni karibu milimita moja na nusu. Geji 18 ni kama 1.2. Geji 20 haifiki milimita moja. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 ni kama theluthi moja ya milimita, yaani hata mkasi wa bati unalikata. Sasa kwa macho, tofauti ya milimita moja na milimita moja na nusu huioni, hasa likishapakwa rangi. Lakini sisi wenye maduka tuna mizani!

Hesabu ni hii. Chuma cha mita moja kwa mita moja chenye unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 8 kasoro kidogo. Mfuniko wangu ni sentimita 60 kwa 60. Bati la saizi hiyo likiwa milimita moja na nusu linatakiwa lisome kilo 4 na gramu 200 hivi. Likiwa milimita moja tu, halifiki kilo 3. Nikabeba mizani yangu ya kupimia sukari mpaka karakana, nikamwomba anikatie bati kwanza kabla hajachomelea chochote. Likasoma kilo 2 na gramu 800.

"Fundi, hii siyo kumi na sita."

"Dogo, siku hizi madukani hii ndiyo wanaiita kumi na sita."

"Sawa kaka, basi niandikie kwenye risiti milimita, achana na geji."

Akacheka, akaenda nyuma akatoa bati jingine. Lile lilisoma kilo 4 na gramu 100, nikaona linatosha. Hatukugombana, na mpaka leo ndiye fundi wangu. Ila nisingekuwa na mizani ningelipa ya nene nikapewa nyembamba, na wala yeye asingejiona mwizi.

Sasa unene peke yake ni bure kama umekosea mfuniko unavyokaa. Swali la kujiuliza ni mwizi anatokea upande gani. Mfuniko wa darini, mwizi anatokea juu, naye ana miguu, atakanyaga kwa nguvu. Kama mfuniko umening'inizwa chini ya fremu kwa skrubu, teke moja zinang'oka. Kwa hiyo wangu tuliujenga ukae juu ya kingo. Fremu ya engo, ile yenye umbo la L, ule mguu mmoja unakuwa kama rafu ya mfuniko kulalia. Akikanyaga anazidi kuubana kwenye chuma. Akitaka kuunyanyua hawezi, kwa sababu makomeo mawili yako chini, ndani ya duka langu, na kufuli liko huko huko. Huko juu anakuta bati tupu. Bawaba ndizo zilibaki upande wake, basi tukachomelea ncha za pini zisigongeke zikatoka.

Ule wa ukutani, unaofunguliwa kutoka nje, ni kinyume. Huko mwizi anavuta, anatafuta ukingo wa kuingiza mtaimbo. Mfuniko ulale ndani ya fremu, usawa na ukuta, usiwe umebandikwa juu kama kibao cha tangazo. Na kama unatumia bolti, chukua zile zenye kichwa cha mviringo kisichoshikika kwa spana, nati ikae ndani.

Fremu yenyewe ishikwe na ukuta. Hili watu wanaliruka. Mfuniko wa kilo 4 na fremu yake ya chuma ukiubebesha kwenye mbao za silingi bodi, ipo siku utamshukia mteja kichwani. Yangu imefungwa kwenye tofali pande mbili kwa bolti za kutanuka, na kuna mnyororo mfupi wa kuzuia mfuniko usije ukaanguka wakati fundi yuko juu.

Usije ukasema basi naziba kabisa, nachomelea nondo, mambo yaishe. Jirani yangu wa fremu ya tatu alifanya hivyo baada ya kuona yaliyonikuta. Mvua za masika zikaja, bati likavuja juu ya nyaya, taa zikaanza kuzimika na kuwaka, harufu ya plastiki inaungua. Fundi umeme kaja, hana pa kupandia. Walivunja dari nzima. Kale kamlango kako pale kwa sababu kuna kitu nyuma yake kinachohitaji kufikiwa haraka. Kufuli lake sharti liwe na funguo mbili, moja iwe kwa mtu anayefika hapo hata kama wewe uko Korogwe kufuata mzigo. Yangu ya pili anayo mama mmoja mwenye genge la chai pale nje. Alinambia, "Mwanangu, mimi sijui kupanda darini, lakini funguo nitakutunzia." Inatosha.

Tukija kwenye kamlango ka umeme. Pale kwetu mita na swichi za fremu zote zilikuwa ukuta wa nyuma, nyuma ya kibati chembamba. Upande wa chini kimeoza kabisa. Sababu unaijua: abiria wanashuka kwenye basi, choo kina foleni na kinalipiwa, ukuta wa nyuma uko karibu. Mkojo una chumvi, chuma hakiuwezi. Kwa hiyo mfuniko wa nje uinue kutoka ardhini, angalau usawa wa kiuno. Ukingo wa chini uwe na vitundu viwili vitatu vya kutolea maji, maana ule mkunjo wa bati unakusanya maji kama kibakuli. Rangi ipakwe ndani pia. Mafundi wengi wanapaka nje tu, kutu inaanzia ndani unakuja kushtuka imeshatoboa. Ukipata bati lililopakwa zinki ni bora zaidi, ila jua kwamba pale linapochomelewa zinki inaungua, hapo ndipo kutu itaanzia, basi hapo pakwanguliwe na kupakwa rangi vizuri. Na fundi asichomelee zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Ule moshi unaumwisha.

Kitu kingine, hiki naomba usikipuuze. Mlango wowote wa chuma ulio mbele ya nyaya uungwe na waya wa ethi. Waya ukichubuka ukagusa mlango ambao hauna ethi, chuma chote kinakuwa na umeme, na atakayekishika anaweza kuwa mtoto anayesubiri basi na mama yake. Usitegemee bawaba kupitisha, zina rangi na kutu. Uwekwe waya laini kutoka kwenye boksi mpaka kwenye mlango wenyewe. Pale kwetu uliwahi kuwepo, ila mtu alikata akauza shaba. Kwa hiyo mlango ukiwa unafungika kweli, na ethi yako inabaki salama. Mita ni mali ya TANESCO na ina lakiri, usichomelee kitu juu yake wala usiiguse bila wao. Fundi mwenye leseni afanye ya nyaya, wa kuchomelea afanye ya chuma, kila mtu na kazi yake.

Ukipita kwenye majengo makubwa, mfano stendi ya Magufuli pale Mbezi au stesheni za SGR, fanya kama unasubiri mtu halafu tazama kuta na dari. Kwenye majengo kama hayo utakuta vifuniko visivyo na kufuli la kuning'inia, kuna tundu dogo tu la funguo ya pembe tatu au pembe nne. Ni nzuri, hakuna cha kukata. Lakini kwetu wadogo usijidanganye: funguo ya pembe nne hata koleo inaweza kuifanyia kazi. Inazuia watoto na wadadisi, haizuii mtu aliyekuja kwa nia. Kwenye majengo makubwa kuna mlinzi anayezunguka. Wewe mlinzi wako analinda fremu nane na amelala kwenye benchi la bodaboda.

Gharama? Mfuniko wangu na fremu, bolti, makomeo na rangi haukufika hata robo ya kilichoibiwa. Bei sitaandika maana chuma kinapanda na kushuka, na fundi wa Handeni siyo wa Korogwe. Wewe uliza kwa wawili watatu, na mizani ubebe.

Dawa yenyewe hasa ni ukuta. Ule ukuta kati ya fremu na fremu ungefika kwenye bati, mwizi asingepita na moto ukitokea kwa jirani usingetembea darini mpaka kwako. Nilimfuata mwenye fremu nikamweleza, akasema hana hela. Nikamwambia mzee wangu, mimi natoa tofali na saruji, wewe unikate kwenye kodi. Alinyamaza siku kadhaa, halafu akakubali upande mmoja, ule wa fremu tupu. Tukaandikishana, mashahidi wawili, kiasi na miezi ya kukatwa. Kozi nne za tofali, siku moja na nusu. Upande wa pili nao nimemwomba, anasema tuonane baada ya mavuno.