Uteuzi wa Deraya ya Miguu katika Maigizo ya Kihistoria: Mfano wa Mapigano ya Visby, 1361

Makala haya yanafafanua namna mshiriki wa maigizo ya mapigano ya kale anavyoweza kuteua deraya ya miguu inayolingana na historia. Istilahi deraya inatumika hapa kwa maana ya vazi lolote la kinga vitani, liwe la pete za chuma zilizofumwa, la mabamba, au la kitambaa kinene kilichojazwa na kushonwa. Hoja ya msingi ni kwamba uteuzi hauna budi kuanza na mtu anayewakilishwa: mwaka wake, mahali pake na hadhi yake.

Katika karne ya 13, wapanda farasi wa Ulaya Magharibi walivaa soksi ndefu za pete za chuma. Kadiri karne hiyo ilivyosonga, ziliongezwa kinga za magoti na mabamba ya kufunika ugoko kwa mbele. Kufikia robo ya tatu ya karne ya 14, mtu mwenye uwezo aliweza kufunikwa mguu mzima kwa mabamba. Sanamu ya kaburini ya Edward wa Woodstock, mwana wa mfalme wa Uingereza aliyefariki 1376, iliyomo katika kanisa kuu la Canterbury, inaidhihirisha hatua hiyo.

Hata hivyo, kigezo cha mwaka pekee kinaweza kupotosha. Tarehe 27 Julai 1361, jeshi la Mfalme Valdemar IV wa Denmark liliwashinda wakulima wa Gotland nje ya kuta za Visby. Makaburi ya halaiki yaliyochimbuliwa kati ya 1905 na 1930 yalitoa mabaki ya zaidi ya watu 1,100, pamoja na deraya za kiwiliwili na kofia za pete. Majeraha mengi ya kukatwa yaliyoonekana kwenye mifupa yalikuwa ya miguu, hususan chini ya goti.

Ushahidi huu unahitaji tahadhari. Mfupa hauhifadhi jeraha la nyama pekee, na baadhi ya vifaa huenda viliporwa kabla ya maziko. Pamoja na hayo, wingi wa majeraha ya ugoko unaashiria kuwa wengi walipigana wakiwa na kinga hafifu ya miguu, au bila kinga kabisa. Hivyo, anayemwakilisha mkulima wa Gotland akivaa miguu ya mabamba kama ya Edward atakuwa sahihi kwa muongo, lakini si kwa hadhi. Soksi ndefu za sufu na viatu vya ngozi vinamfaa zaidi.

Hapa ndipo usahihi unapokabiliana na usalama, kwa kuwa hata upanga butu huweza kuvunja mfupa. Inapendekezwa kinga ya kisasa ya ugoko ivaliwe ndani ya soksi, na watazamaji waelezwe hivyo waziwazi. Kwa anayemwakilisha askari tajiri, mabamba ya mapaja yafungwe kwa kamba kwenye kizibao kinachobana kiuno. La sivyo yatateremka, na kinga ya goti haitakaa mahali pake.

Kwa kuhitimisha, wakati mwingine uteuzi sahihi wa deraya ni kutoivaa. Kumvika mkulima chuma asichokuwa nacho ni kuficha sababu mojawapo iliyomfanya ajeruhiwe.