Ngoma Iliyokwenda Cuba Ikarudi

Muhula uliopita, katika mdahalo wa bweni letu, nilisema kwamba muziki wa dansi wa zamani ulikuwa kuiga Cuba tu, nami nikapigiwa makofi mengi. Jumamosi ya ruhusa nilipanda mlimani kwa babu yangu, hapa hapa Matombo, nikamsimulia ushindi wangu. Babu hakujibu neno. Alitoa santuri moja chini ya kitanda, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanzu, akairudisha. Gramafoni yake ilikwisha kufa zamani. Niliona haya. Basi, wasomaji wenzangu, nimeulizauliza na kusoma, na sasa nayafuta maneno yangu.

Muziki wenyewe huitwa son. Asili yake ni mashariki ya Cuba, kwa watu wa mashamba na milima kama sisi. Wahispania walileta gitaa na mashairi yao. Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao Wabantu kutoka Kongo, walileta ngoma, na desturi ya mmoja kuimba na wengine kuitikia. Vijiti viwili hugongwa mapigo matano, matatu kisha mawili, na vyombo vyote huyafuata. Kipo pia kisanduku cha mbao chenye vipande vya chuma: mpigaji hukikalia, akavidonoa kwa vidole. Huitwa marímbula. Aliyepata kuona marimba ya mkono ya Wagogo atamtambua ndugu yake kabla hajaambiwa jina!

Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuuza Afrika santuri za Kikuba zenye alama ya G.V. Ya kwanza ilikuwa El Manisero, wimbo wa mwuza karanga. Mmoja wa vijana walionaswa na muziki huo ni Salum Abdallah, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1928. Mwaka 1948 alianzisha bendi yake, iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Mapigo yalitoka Cuba, lakini aliimba Kiswahili. Mjini humo humo ilikuwapo Morogoro Jazz, iliyoanza mwaka 1944, ambamo baadaye Mbaraka Mwinshehe alijipatia sifa.

Kwa nini watu waliupenda hivyo? Babu asema hawakuhitaji kufundishwa. Kiitikio kilipoingia, miguu ilikwisha jua la kufanya, maana ndivyo walivyocheza ngoma nyumbani. Gitaa, anakiri, lilikuwa geni, na kijana aliyelijua alitazamwa sana na wasichana. (Hapo bibi alicheka jikoni.)

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake. Babu alikuwa na miaka 17, umri wangu huu. Alikuwa akipalilia migomba habari ilipomfikia, akaacha jembe pale pale akarudi nyumbani.

Santuri ya chini ya kitanda ina ufa. Mwalimu mmoja anacho chombo cha kuzipigia, naye amekubali. Babu ameniruhusu kuishusha, nikiifunga kwa kitenge cha bibi. Tutaona kama sindano itavuka ule ufa.