Si Kila Kitu "Hutengenezwa": Istilahi za Uchongaji, Ususi, Ufinyanzi na Ujenzi Darasani

Utangulizi

Katika mtihani wa insha wa mwaka wa kwanza tuliwahi kuwataka wanafunzi waeleze kazi za mikono zinazofanywa nyumbani kwao. Mmoja wao aliandika hivi: "Bibi yangu anatengeneza mikeka na vyungu. Babu alitengeneza kinu na akatengeneza nyumba yetu." Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi na tahajia haikuwa na kasoro. Tulimpa alama nzuri tukaendelea na karatasi iliyofuata. Baadaye tulipozisoma tena insha hizo kwa pamoja, tuligundua kwamba karibu darasa zima lilikuwa na kitenzi kimoja tu. Tukagundua pia kwamba kosa lilikuwa letu walimu, kwa sababu hatukuwahi kuwafundisha vitenzi vingine.

Kitenzi "kutengeneza" si kibaya, lakini hakisemi mengi. Tena kina maana mbili: kuunda kitu kipya na kurekebisha kilichoharibika. Anayesema "bibi anatengeneza mkeka" hatuelezi kama bibi anausuka mpya au anaushona wa zamani uliochanika. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba katika sanaa za mikono kitenzi ndicho kinachobeba ufundi wenyewe: malighafi, zana, mwendo wa mkono na zao la kazi. Mwanafunzi akikipata kitenzi sahihi, ameipata mbinu.

Uchongaji na sanamu

Kuchonga ni kupunguza. Fundi huanza na gogo au jiwe, akaondoa kidogo kidogo mpaka umbo alilokusudia libaki. Kinachoondolewa hakirudi, ndiyo maana mchongaji hupima kwanza. Zana zake ni shoka la kukatia, tezo la kuchongea umbo la jumla, patasi na nyundo za kutolea sehemu ndogo, tupa na msasa za kulainishia. Kinu huchongwa, mwiko huchongwa, mtumbwi wa gogo moja huchongwa, na vinyago vya Wamakonde huchongwa kwa mti wa mpingo. Michoro inayokatwa juu ya uso wa mbao, kama ile ya milango ya Lamu na Zanzibar, huitwa nakshi, na kitenzi chake ni kunakshi.

Hata hivyo, si kila sanamu huchongwa. Mwaka 1929 huko Luzira, pembezoni mwa Kampala, kilipatikana kichwa cha sanamu ya udongo uliochomwa, ambacho sasa kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Mwanafunzi akiandika kwamba kichwa cha Luzira "kilichongwa", amekosea mbinu nzima. Udongo laini haupunguzwi tu. Huongezwa, hubonyezwa na kuunganishwa. Kichwa hicho kilifinyangwa, kisha kikachomwa. Sanamu ya madini nayo ina njia ya tatu: madini huyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Kitenzi chake ni kusubu. Kwa hiyo mwalimu anapoonyesha picha ya sanamu yoyote, swali la kwanza liwe: je, imechongwa, imefinyangwa au imesubiwa?

Ususi na ufumaji

Hapa ndipo wanafunzi wetu wa Uganda wanapochanganya zaidi, kwa kuwa Luganda hutumia kitenzi "okuluka" mahali ambapo Kiswahili hutumia zaidi ya kimoja. Kusokota ni kupinda nyuzi ili ziwe uzi au kamba. Kusuka ni kupishanisha majani, kamba au nywele kwa vidole. Kufuma ni kupishanisha nyuzi ili kupata kitambaa. Aghalabu kazi hii hufanywa kwa kitanda cha kufumia. Nyuzi zinazotandazwa kwanza kwa urefu huitwa mtande, na zile zinazopitishwa kwa upana huitwa mshindio. Sweta nayo hufumwa, ijapokuwa ni kwa sindano.

Mkeka una hatua zake. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa vipande vyembamba, na baadhi yake hutiwa rangi. Kisha msusi husuka utepe mrefu uitwao ukili. Mwishowe kili hushonwa pamoja, upande kwa upande, mpaka mkeka upate upana wake. Kwa hiyo mkeka mmoja husukwa na pia hushonwa. Wanafunzi wanaozungumza Luganda wataona kwamba ukindu na mkeka si maneno mageni: kwao kuna "enkindu" na "omukeeka".

Vikapu vya duara vinavyopatikana Uganda na Rwanda hufuata mbinu nyingine. Shada la nyasi huzungushwa kuanzia kitovu cha kitako, na kila mzunguko hufungwa kwenye ule wa kabla yake kwa utepe unaopitishwa kwa sindano au msumari mwembamba. Hapa mkono unazungusha na kushona.

Vipi kuhusu nguo ya gome, "olubugo" ya Baganda? Ufundi wake uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanafunzi wengi huandika kwamba nguo hiyo "imefumwa". La hasha! Haina mtande wala mshindio. Gome la ndani la mti wa mutuba hubanduliwa, kisha hugongwa kwa nyundo za mti mpaka lilainike na kutanuka, ndipo likaanikwa juani. Shina lililobanduliwa hufunikwa kwa majani ya migomba ili gome jipya liote. Ni nguo iliyopatikana kwa kugongwa, na hilo ndilo jambo la ajabu ndani yake. Kitenzi kisicho sahihi hulifuta ajabu hilo lote.

Ufinyanzi

Mfinyanzi huchimba udongo, huuloweka, huondoa mawe na mizizi, halafu huukanda. Kukanda huondoa mapovu ya hewa. Mara nyingi huongeza mchanga au magae yaliyopondwa, ambayo hupunguza kusinyaa kwa udongo unapokauka. Kisha hufinyanga. Anaweza kubonyeza donge kwa vidole, anaweza kuviringisha kamba za udongo na kuzipanga moja juu ya nyingine huku akilainisha maungio, au anaweza kutumia gurudumu la mfinyanzi. Chungu hukaushwa taratibu kivulini kabla ya kuchomwa. Kikiingia motoni kingali na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua.

Kuna tofauti kati ya kukauka na kuiva. Chungu kilichokauka tu kikitiwa maji hurudi kuwa tope. Kilichochomwa hadi kuiva hakirudi tena kuwa udongo. Vyombo vya kauri hutumia udongo mweupe maalumu na huchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1200 za Selsiasi, jambo ambalo moto wa wazi wa kijijini haulifikii, huhitaji tanuri. Methali zetu zimeyahifadhi maarifa haya. "Udongo uwahi ungali maji" ni kanuni ya karakana kabla ya kuwa wosia wa malezi, na asiyejua kwamba gae ni kipande cha chungu kilichovunjika hawezi kuonja uchungu wa "mfinyanzi hulia gaeni".

Ujenzi na usanifu

Msanifu majengo huchora, mjenzi hujenga. Lakini hata "kujenga" ni mwavuli wa vitenzi vingi. Nyumba ya udongo husimikwa nguzo, hufungwa fito, hukandikwa udongo, huezekwa nyasi au mabati, na ukuta wake huweza kupigwa lipu. Ukuta wa matofali huashiwa kwa mwiko, na unyoofu wake hupimwa kwa timazi. Katika nyumba za kale za mawe za pwani kuna matumbawe, chokaa, matao, vidaka ukutani na boriti za mikoko zinazobeba dari. Vyumba vya nyumba hizo huwa virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti.

Hapa kwetu mfano mkubwa ni makaburi ya Kasubi. Jumba lake kuu lilijengwa mwaka 1882 likiwa kasri la Kabaka Muteesa I, likageuzwa kuwa kaburi lake mwaka 1884. Liliungua tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya, na mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kazi ya kuezeka humo ni ya ukoo wa Ngeye, yaani ukoo wa mbega. Ujenzi huo mpya uliwezekana kwa kuwa walikuwepo watu waliojua kuezeka. Jengo huweza kurudi iwapo kitenzi chake bado kipo mikononi mwa watu.

Vitenzi huzaa majina

Mwalimu anayeanza na vitenzi hana haja ya kukaririsha majina. Kiambishi -i hubadili konsonanti ya mwisho ya mzizi: jenga huzaa mjenzi, finyanga huzaa mfinyanzi, suka huzaa msusi. Kiambishi -aji hakibadili kitu: mchongaji, mfumaji, mwezekaji. Kanuni ya kwanza si ngeni kwa wasemaji wa Luganda, kwani "okukomaga", kugonga gome, huzaa "omukomazi". Vilevile "okubumba", kufinyanga, ni ndugu wa "kuumba" ya Kiswahili. Anayemjua "omubumbi" hatamsahau Muumba. Majina ya -o nayo hutufikisha mbali. Tunaposema "mfumo wa elimu" tunatumia neno la mfumaji, na tunaposema "muundo wa sentensi" tunatumia neno la mafundi wanaounda majahazi.

Hitimisho

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwezi Julai 2022, na wengi wa wanafunzi wetu watakwenda kukifundisha shuleni. Watakutana na watoto ambao wazazi wao wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya barabarani. Mtoto akiuliza mkeka wa nyumbani kwao unasukwaje, na mwalimu akajibu "unatengenezwa", mtoto atahitimisha kwamba lugha hii haijawahi kuingia nyumbani kwao. Huo ndio uzito wa suala hili.

Tunapendekeza zoezi moja rahisi. Kila mwanafunzi achague kifaa kimoja cha nyumbani, amwendee anayekijua, aangalie mikono yake, kisha aandike kwa mpangilio vitenzi visivyopungua vitano. Bibi atoe maarifa kwa lugha yake. Mwanafunzi ayatafutie Kiswahili. Akikosa neno, aeleze kwa maneno mepesi mkono unafanya nini, wala asibuni istilahi.

Nasi tumejiwekea sharti katika kusahihisha. "Kutengeneza mkeka" tutalipa alama, lakini kwa masharti kwamba mkeka wenyewe ulikuwa umechanika.