Mtoto wa Paka Anyonyaye Blanketi

Yeyote aliyepata kufika Msalato siku ya mnada anajua kwamba jambo linalowavuta wakazi wa Dodoma hadi pale ni nyama ya kuchoma. Watu huenda makundi kwa makundi, wakala, wakanunua mbuzi au kuku, na jioni wakarejea mjini. Jumamosi moja, hata hivyo, tuliona pembezoni mwa mnada huo biashara nyingine ndogo, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Kijana mmoja alikuwa na boksi la karatasi ngumu, na ndani yake watoto wanne wa paka ambao macho yao bado yalikuwa na ule ubuluu wa uchanga. Kwa kuwatazama tu, hawakuwa wamepita wiki nne. Ofisa mmoja, mwenyeji wa Unguja aliyeletwa huku na kazi, alichukua mmoja, mwenye madoa, kwa kuwa panya walikuwa wamekwisha kuitawala stoo yake.

Baada ya majuma mawili ofisa huyo alitueleza masikitiko yake. Kila usiku, alisema, mara taa inapozimwa, mnyama huyo hupanda kitandani, hushika pindo la blanketi kwa kinywa, hulinyonya hadi likalowa, na huku analikanda kwa mikono miwili na kucha zake kama mtu akandaye unga wa chapati, akikoroma bila kukoma. Jirani mmoja alimwambia kuwa hiyo ni dalili mbaya na heri amtupe porini. Mwingine alimshauri apake pilipili kwenye blanketi, na asiposikia, achapwe. Yeye mwenyewe, kama ilivyo desturi ya watu wa visiwani ambako paka huheshimiwa, hakuwa na moyo wa kufanya lolote kati ya hayo. Alituuliza kama mnyama huyo ana wazimu.

Hana wazimu. Ana njaa ya mama yake. Na kwa kuwa tunaamini kwamba wako wengine wengi, hapa Dodoma na huko Unguja na Pemba, wenye swali kama hilo, tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo.

Mtoto wa paka huzaliwa baada ya mimba ya miezi miwili hivi, akiwa na uzito wa gramu 100 au pungufu kidogo. Haoni, kwani macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wala hasikii vizuri. Alicho nacho ni pua, ngozi iwezayo kutambua joto, na kichwa kinachotikisika huku na huku kikitafuta chuchu. Kwa vitu hivyo vitatu tu humfikia mama yake gizani, na ndani ya siku mbili tatu za mwanzo huwa amekwisha kujichagulia chuchu moja ambayo huirudia kila mara na kuwafukuza ndugu zake wanapoisogelea. Kule kukanda tunakokuona juu ya blanketi ndiko hukohuko anakokufanya kifuani pa mama ili maziwa yashuke. Kule kukoroma nako huanza akingali na siku chache tu, naye huweza kukoroma bila kuliachia ziwa. Mama husikia mtetemo huo mwilini mwake, naye hukoroma vilevile. Kwa kiumbe kisichoona wala kusikia, hiyo ndiyo lugha ya kwanza.

Maziwa ya siku ya kwanza, yaani dang'a, yana kinga ya maradhi ambayo utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa muda wa saa zisizofikia 24 tu tangu azaliwe. Baada ya hapo mlango huo hufungwa. Basi anayemtoa mtoto wa paka kwa mama yake siku ileile ya kuzaliwa amemtoa bila silaha.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui ni joto. Mtoto wa paka katika wiki zake za kwanza hawezi kujitia joto mwenyewe. Hulipata kwa mama na kwa kulaliana na ndugu zake. Hapa tungependa ndugu zetu wa visiwani waangalie kwa makini. Kipupwe cha kwenu ni upepo wa kupendeza, na ni nadra usiku wake kushuka sana chini ya nyuzi 20. Nyanda hizi za kati ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai usiku wake hushuka hadi nyuzi 14 hivi au hata chini yake, na upepo mkavu juu yake. Mtoto wa paka ambaye angestahimili kulala sakafuni Mkokotoni aweza kukutwa asubuhi amekauka sakafuni Msalato. Ofisa wetu aliona blanketi linaibwa. Mnyama aliona pale ndipo palipokuwa na joto, na ulaini, na mapigo ya moyo wa kiumbe kikubwa.

Paka aliyeachwa na maumbile kuendesha mambo yake huanza kuwakwepa watoto wanapofikia wiki ya nne. Husimama wanaponyonya, hupanda mahali wasipofika, na akiwa ni paka wa shambani huwaletea panya aliyekufa, kisha aliye mahututi, mpaka wajue kuua wenyewe. Kazi hiyo ya kuachisha ziwa huchukua majuma, na kwa kawaida maziwa yenyewe huwa yamekoma kuwa chakula cha maana katika wiki ya saba au ya nane. Lakini kunyonya kwa ajili ya kutulia huendelea zaidi ya hapo, wakati mwingine kwa ziwa lisilo na tone lolote, na mama mwenye subira huruhusu. Katika majuma hayohayo ndugu hufundishana kwa kuumana ni kiasi gani cha jino kinachokubalika katika mchezo, somo ambalo mtoto aliyelelewa peke yake hulikosa na baadaye mikono yetu hulilipia.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu paka zaidi ya 5,700. Walikuta kwamba waliotengwa na mama kabla ya kutimiza wiki 8 walikuwa wakali zaidi, na kwamba waliokaa na mama kupita wiki 14 walikuwa na upungufu wa ukali na wa tabia zile za kurudiarudia, kama vile kunyonya nguo. Wakashauri kwamba hata wiki 12 zilizozoeleka huko kwao ziongezwe mbili. Kweli, hao walikuwa paka wa kizungu wa majumbani, wala hatudai kwamba paka wa ghala la mtama la Mgogo aishi kwa kalenda ya Helsinki. Pia si haki kumlaumu kila mwenye paka mnyonya blanketi. Zipo koo, hasa za asili ya Siam na Burma, ambazo tabia hiyo imo katika damu. Hata hivyo, baina ya wiki 4 za boksi la mnadani na wiki 12 kuna tofauti ambayo haihitaji chuo kikuu.

Afanyeje basi aliye naye tayari? Kwanza asimpige. Kofi halimwambii mnyama huyu aache kunyonya. Humwambia kwamba kitanda ni mahali pa hatari, na mwenye hofu hutafuta faraja zaidi, yaani hunyonya zaidi, ila sasa chini ya kabati. Pilipili nayo ni ukatili usio na faida. Apewe kitambaa chake mwenyewe, kizito kidogo, kisichochanika nyuzi, na kila anapoanza kunyonya blanketi aondolewe kwa upole na kuwekwa juu ya kitambaa hicho. Alishwe kidogokidogo mara nne kwa siku, na mlo wa mwisho uwe karibu na saa ya kulala, maana aliyeshiba hulala. Achezwe naye jioni kwa kamba au kijiti, kisha kamba hiyo ifichwe. Akinyonya tu, hakuna madhara. Akianza kutafuna na kumeza, mambo yamebadilika, kwa kuwa uzi mmoja wa sufi waweza kuukunja utumbo na kumwua. Hapo aitwe Bwana Mifugo bila kungoja kesho.

Kwa wale waliookota wachanga wasio na mama kazi ni kubwa zaidi. Mtoto aliyepoa asinyweshwe kitu mpaka apate joto, polepole, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kanga au kwa kifua cha mtu; tumbo lililopoa halisagi maziwa. Maziwa ya ng'ombe hayamfai kuwa chakula chake cha kila siku, kwa sababu protini yake haifiki nusu ya ile ya maziwa ya paka, na sukari yake huwaharisha wengi. Maziwa maalumu yapatikanayo kwa madaktari wa mifugo ndiyo bora, na bora kuliko hayo ni paka mwingine anyonyeshaye, ambaye mara nyingi hukubali wageni wakichanganywa na wanawe. Anyweshwe kwa kitone au bomba la sindano lisilo na sindano, akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama, kamwe asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, kwani maziwa huingia mapafuni. Katika majuma mawili ya kwanza hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, saa nane za usiku zikiwemo. Baada ya kila mlo afutwe chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwani katika umri huo hawezi kupata haja bila kulambwa na mama. Apimwe kila siku kwa mizani ya jikoni; gramu 10 hadi 15 kwa siku ni maendeleo mema. Na ndugu wasio na mama wakionekana wananyonyana wenyewe kwa wenyewe masikioni au sehemu za siri, watenganishwe kwa muda na waongezewe milo, maana ngozi huvimba hata mkojo ukazibwa.

Tunawageukia sasa maofisa wa Serikali, na si kama wenye paka tu. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Wizara yenye dhamana ya mifugo ina makao yake hapahapa Dodoma. Haitakuwa gharama kubwa kwa Bwana Mifugo wa kata kupita mnadani na kuwaeleza wauzaji kwamba mtoto wa paka aliye chini ya wiki nane hauzwi. Hakuna mfugaji pale Msalato atakayemnunua ndama wa wiki moja bila mama yake. Hoja ni ileile, na tunaamini itaeleweka upesi.

Iko pia sababu ya afya ya watu. Pemba iliwahi kukifuta kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikarudi mwaka 2016 kwa kuingizwa upya kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi jitihada ianze tena mpaka kilipoondolewa mwaka 2018. Mbwa ndiye mbebaji mkuu, lakini paka naye huugua na huambukiza kwa kuuma. Chanjo yake hutolewa akiwa na miezi mitatu, ambayo ndiyo hiyohiyo tunayomwombea akae na mama. Kwa hiyo mtoto wa paka wa wiki nne anayesafirishwa ndani ya kikapu, kwa basi hadi Dar es Salaam na kwa boti hadi kisiwani, ni mnyama ambaye hajachanjwa wala hawezi kuchanjwa.

Tulimweleza ofisa wetu hayo, naye alikuwa amekwisha kupanga kumpeleka yule mwenye madoa kwa watoto wake Unguja wakati wa likizo. Hakufurahi. Likizo ilifika kabla ya miezi mitatu kutimia, akaondoka peke yake, na paka akabaki kwa jirani palepale Msalato pamoja na kikoi kikuukuu ambacho tangu juma lililotangulia kilikuwa kimechukua nafasi ya blanketi.